DETEKTA YA MJOMBA NA DHAHABU YA MAMBRUI

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mlezi wa chama chetu aliponitaka niandike makala ya elimu na wala si hadithi ya sungura na fisi, nilikuna kichwa siku mbili nzima. Kisha nkakumbuka kwamba ninacho kitu nilichojifunza kwa gharama kubwa, na gharama yenyewe sikuilipa mimi. Aliilipa mama yangu, anayeuza mahamri na mbaazi alfajiri. Basi nitawaeleza jinsi chombo cha kutafutia madini kinavyofanya kazi, jinsi punje ndogo za dhahabu zinavyotafutwa kwa chombo cha bei nafuu, na kwa nini mimi na mjomba tulikaa mchangani majuma matano, baina ya mlango wa mto Sabaki na Mambrui, tusipate hata chembe.

Mjomba wangu alikuwa amefanya kazi mwaka mmoja upande wa Migori, karibu na Macalder, akibeba magunia ya mawe ya wachimbaji. Huko aliona kwa macho yake dhahabu ikitoka. Aliporudi nyumbani Disemba akatukuta sisi tunakaa karibu na ule ufuo ambao mchanga wake unametameta kama umenyunyiziwa dhahabu, hata watalii wameuita kwa Kiingereza ufuo wa dhahabu. Akapiga goti, akachota konzi moja, akanitazama. "Mpwangu, weye unasoma fizikia. Hii ni nini kama si mali?" Nami, kwa haya kulisema, sikuwa na jibu.

Juma lililofuata akaenda Mombasa akarudi na detekta iliyokwisha kutumika. Sehemu ya pesa ilikuwa ya mbuzi wake wawili. Shilingi 6,000 zilikuwa za mama, alizopokea zamu yake ilipofika katika chama cha akina mama, nazo zilikuwa zimepangiwa chakula changu cha mchana shuleni na viatu. Mjomba alimwambia, "Dada, hizi ntakurudishia kabla ya Februari kwisha, na juu yake nikuezekee nyumba mabati." Mama hakusema ndiyo wala la. Alizitoa kwenye mkoba akaziweka juu ya mkeka.

Sasa tuingie katika somo. Detekta ni kijiti kirefu chenye sahani ya duara chini na kisanduku cha betri juu. Ndani ya ile sahani mna nyaya za shaba zilizozungushwa mara nyingi, mafungu mawili. Fungu la kwanza hupitishwa umeme unaogeuka mbele na nyuma maelfu ya mara kwa sekunde moja, na umeme huo huzalisha uga wa sumaku unaoshuka ardhini. Ukikuta metali yoyote, iwe msumari, sarafu au dhahabu, umeme mdogo huzuka ndani ya metali ile na kuzunguka, kama maji ya mtungi ukiyakoroga kwa upawa. Umeme huo mdogo nao huzalisha uga wake wa sumaku, dhaifu sana, ambao unarudi juu. Fungu la pili la nyaya kazi yake ni kusikiliza ule mrejeo tu. Likiusikia, chombo hulia.

Wengi hudhani kwamba detekta "inajua" dhahabu. Haijui. Inachojua ni kwamba kuna kitu kinachopitisha umeme, na kwamba mrejeo wake umechelewa kiasi gani. Chuma kina mchelewo wake, shaba na fedha wao wana wao. Dhahabu ndogo iko katikati, mahali pale pale penye karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, vipande vya kopo la soda, na risasi. Kwa hivyo mtu akiweka chombo kikatae takataka za namna hiyo, atakuwa ameikataa na dhahabu pia. Wachimbaji wenye subira huchimba kila mlio. Wengine hata milio ya chuma huichimba, kwa maana punje ndogo iliyo katika udongo wenye chuma kingi huweza kulia kama msumari.

Historia ya chombo hiki nayo ni tamu, ijapokuwa nitaipitia mbio. Mwaka 1881 Rais Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, akaleta mtambo wa kuitafuta ile risasi mwilini mwake. Hakufaulu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Mpolandi mmoja aitwaye Józef Kosacki alibuni detekta ya kutafutia mabomu yaliyofukiwa, nayo ikatumika El Alamein, Misri, mwaka 1942. Vita vilipokwisha watu wengi wakazitumia kutafutia sarafu na madini. Mjomba alikuwa na picha moja kwenye simu aliyokuwa akiwaonyesha watu wote kule kijijini: pande la dhahabu la kilo 27, lililopatikana kwa detekta Kingower, Australia, mwaka 1980, na likapewa jina Hand of Faith. Picha ni ya kweli. Lakini jimbo lile la Victoria limejulikana kwa mapande ya dhahabu tangu 1851. Mjomba aliisoma picha, asisome mahali.

Jambo la pili ambalo hatukulijua ni masafa. Detekta za kuanzia, zile za bei rahisi, aghalabu hugeuza umeme wake kiasi cha mara 6,000 hadi 8,000 kwa sekunde, yaani kilohezi 6 hadi 8. Hizo ni nzuri kwa sarafu na vitu vikubwa vilivyo chini. Punje ndogo ya dhahabu, ile iliyo kama punje ya mchele, umeme unaozuka ndani yake hufa upesi mno, na chombo cha taratibu hakiwahi kuusikia. Vyombo vya dhahabu huenda kilohezi 15, vingine 45 au zaidi ya 70. Mwalimu wetu wa fizikia alinipa mfano nikauelewa papo hapo: ni kama wavu. Wavu wa macho makubwa utakuletea nguru, dagaa watapita wakicheka. Ya mjomba ilikuwa wavu wa nguru.

Si kwamba haifai kabisa. Mtu aliye mahali penye dhahabu, kwa mfano Migori, au Chunya kule Tanzania ambako watu hutembea na detekta mashambani, anaweza kupata kitu hata kwa chombo duni akizingatia mambo. Sahani iende karibu kabisa na ardhi, isiinuliwe mwisho wa kila mkono kama mtu anayefyeka majani, maana inchi moja ya hewa ni inchi moja ya dhahabu uliyoipoteza. Aende polepole, kila mpito ulalie mpito uliotangulia. Avae spika za masikioni, kwa kuwa mlio wa punje ni kama mnong'ono. Simu na mshipi wenye bamba la chuma viwe mbali. Na kabla ya yote achukue kipande cha risasi kidogo, akigandishe kwenye karatasi ngumu na kukifukia inchi moja, mbili, tatu, ili ajue chombo chake kinasikia mpaka wapi. Risasi hulia karibu sawa na dhahabu. Sisi wa pwani hatuna haja ya kuinunua: chubwi za nyavu zimejaa ufuoni, gonga moja kwa nyundo ukate kipande. Nilipofanya jaribio hilo (mjomba hakulitaka, alisema ni kupoteza betri) kipande cha ukubwa wa mbegu ya mchicha hakikusikika hata juu ya ardhi. Cha ukubwa wa mbaazi kilisikika inchi tatu. Hapo ningepaswa kusema basi. Sikusema.

Kuna na shida ya ardhi yenyewe. Mchanga uliolowa maji ya chumvi hupitisha umeme, kwa hivyo detekta rahisi ikifika pale mawimbi yanapofikia hulia ovyo kama mtoto mwenye chango. Tena ufuo wetu una mchanga mweusi, ambao ukiupitishia sumaku sehemu yake nyingi huruka na kung'ang'ania kama ndevu. Huo ni mchanga wa chuma, nao huichanganya detekta. Vyombo bora vina kitasa cha kuvizoeza na ardhi: unainua na kushusha sahani mahali pasipo na kitu, huku ukirekebisha mpaka sauti itulie. Chetu hakikuwa nacho. Tulipanda juu, penye mchanga mkavu, nje ya eneo la Hifadhi ya Bahari, tukaanza.

Jumamosi na Jumapili, majuma matano. Mimi nilishika jembe na chekecheke, mjomba alishika chombo. Daftari langu la Januari bado ninalo: vifuniko vya soda 211, misumari 64, chubwi 38, vipande vya kopo sijui vingapi maana nilichoka kuhesabu, ndoana, kijiko, funguo mbili, na shilingi 85 za sasa kwa jumla. Watoto walitufuata wakituita "wapiga deki wa pwani". Februari ilipoingia orodha ya wasiolipa chakula ikasomwa, na jina langu lilikuwamo. Saa ya chakula nilikuwa nakaa chini ya mwarobaini nikijifanya nasoma. Marafiki wawili, wanajijua, walikuwa wakinimegea. Nyumbani sikusema, lakini mama alijua. Alianza kunifungia mahamri mawili kwenye karatasi bila neno.

Sasa nije kwenye ule mmeto. Siku moja ya juma nilichukua konzi ya mchanga ndani ya mfuko wa nailoni nikampelekea mwalimu. Hakunicheka. Aliumimina kwenye sahani nyeupe akanipa pini. "Bonyeza kinachong'aa." Nikabonyeza. Kikachanuka vigamba vyembamba, kama kitunguu. "Dhahabu ingebonyea ikabaki na kishimo," akasema. Kisha tukaenda nayo kivulini: mmeto ukafa, ukawa unawaka tu gamba likielekea jua. Dhahabu haifanyi hivyo, rangi yake ni ile ile juani na kivulini. Mwisho tukautia kwenye karai la maji tukauzungusha. Vigamba vikaelea na kumwagika kwanza kabisa, navyo vilipaswa kubaki mwisho kama vingekuwa dhahabu, kwani dhahabu ina uzito wa mara 19 ya maji ya ujazo huo huo, mchanga wa kawaida mara mbili na nusu hivi, na ule mweusi mara tano hivi.

Vigamba vile ni ulanga. Vimetoka mbali. Mto tunaouita Sabaki huku chini ndio Galana kule juu, na kabla ya hapo ndio Athi, unaoanzia karibu na Nairobi ukipita Ukambani na Tsavo. Miamba ya huko imejaa ulanga, mto huisaga, mvua kubwa huibeba, bahari huitandaza mbele yetu. Dhahabu nyingi ya Kenya iko kwenye miamba ya aina nyingine kabisa, ya zamani mno, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili, upande wa magharibi: Migori, Kakamega, Lolgorien. Hapa kwetu chini kuna matumbawe yaliyogeuka mawe, mchanga, na udongo wa bahari za kale. Nilipolijua hilo nilihisi kama mtu aliyekuwa akitega samaki kisimani.

Kakamega nayo ina kisa chake ambacho nilikisoma maktabani nikasahau kengele. Dhahabu ilipopatikana huko mwaka 1931, Wazungu kwa mamia walimiminika. Sheria ilikuwa imewaahidi wenyeji kwamba ardhi yao ya hifadhi haitaguswa bila wao kupewa ardhi nyingine, lakini mwaka 1932 serikali ya kikoloni ikaibadilisha ili walipwe pesa tu. Mgodi wa Rosterman ulifungwa 1952, na ule wa Macalder 1966, lakini watu wangali wanachimba kwa mikono mpaka leo, wengine wakikusanya vumbi la dhahabu kwa zebaki, sumu inayoingia mwilini kwa mvuke. Mjomba alisema aliwaona akina mama wakiikanda kwa mikono mitupu. Kwa vumbi kama lile detekta haina maana yoyote, haisikii unga.

Nilirudi nyumbani na majibu yangu yote, na niliyapanga njia nzima nitakavyomwambia. Kumwambia mjomba kwamba dhahabu yake ni ulanga si jambo jepesi. Nilimkuta anakaza skurubu za sahani. "Mjomba," nkasema, "samahani, naomba kusema." Nikamwonyesha pini na vigamba. Alitazama kitambo kirefu. "Hao walimu wako wamewahi kuchimba?" akauliza, akaondoka na chombo chake. Jumamosi hiyo alikwenda peke yake, na hakwenda ufuoni. Alikwenda nyuma ya Mambrui, kwenye viunga karibu na magofu.

Nilimfuata mbio. Wenzangu wa Mambrui mnajua kwamba mji wenu ni wa kale, na kwamba mwaka 2010 wataalamu wa China pamoja na wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya walipochimba huko walipata sarafu ya Kichina ya wakati wa mfalme Yongle, aliyetawala miaka 1402 hadi 1424. Ni wakati ule ule ambao Malindi ilipeleka twiga kwa mfalme huyo, mwaka 1415. Nilimkuta mjomba amepiga magoti, shimo limefika kiwiko, mkononi ana kitu cha duara kilichoota kutu ya kijani. Mikono ilikuwa ikimtetemeka. "Ina tundu," akasema. "Mpwangu, ina tundu katikati! Pesa ya Wachina hii. Kuna mtalii atanipa laki."

Nasema kweli, kwa dakika moja nilishaila ile laki. Nililipa chakula mpaka Kidato cha Nne, nikanunua viatu. Kisha nkamwambia yale niliyoyajua: kwamba chini ya Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Urithi ya mwaka 2006 huruhusiwi kuchimbua vitu vya kale bila kibali, na ukikikuta kwa bahati unapaswa kuarifu, si kuuza. Na madini nayo, kwa Sheria ya Madini ya 2016, ni mali ya taifa. Mchimbaji mdogo ni lazima awe raia mtu mzima mwenye kibali. Tulikuwa hatuna cha hiki wala cha kile. "Kwa hivyo weye na mimi ni wezi?" akauliza. Nilinyamaza. Kumjibu mjomba swali kama hilo ni ukosefu wa adabu, na kutolijibu ni jibu.

Tulilifukia lile shimo pamoja. Jumatatu hakwenda kokote. Jumanne akavaa shati la sikukuu, tukaenda Malindi kwenye makumbusho mimi nikiwa na sare ya shule, kwa ruhusa. Afisa mmoja alitupokea kwa heshima, akasikiliza, akaichukua sarafu. Hakuisugua. Alituuliza kwanza ilikuwa kina gani, pamoja na vitu gani, na udongo ulikuwa wa rangi gani. Mjomba hakukumbuka hata moja. Afisa akaeleza kwamba kitu cha kale kikishang'olewa bila kuandikwa mahali pake huwa kimepoteza nusu ya habari yake, na nusu hiyo hairudi tena. Kisha akaiangalia kwa lenzi, akatabasamu, akatupa na sisi tuangalie. Tundu la pesa ya Kichina, ndugu wasomaji, ni la mraba. Hili lilikuwa la duara. Pembeni kulikuwa na pembe za ndovu, na mwaka: 1952. Ilikuwa senti kumi ya Afrika Mashariki, ya zama za Mfalme George wa 6. Mtu alikuwa ameidondosha akienda sokoni labda. Kwa sheria hiyo, kitu cha kale cha namna hii ni kile kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, kwa hivyo akaturudishia.

Tulitoka nje. Mjomba akaketi kwenye ngazi akacheka mpaka akafuta machozi, na sijui hadi leo yalikuwa machozi ya kitu gani.

Detekta ingalipo. Mvuvi mmoja jirani alipoteza nanga yake ndogo maji yalipokupwa, mjomba akaipata kwa robo saa akapewa shilingi 300. Mwingine alipoteza funguo za pikipiki. Zile chubwi 38, na nyingine alizoendelea kuokota, huziyeyusha nje ya nyumba, upande upepo unakotoka, na kuwauzia wavuvi upya kwa kilo. Nilimwambia mvuke wa risasi si mzuri naye akanisikiliza, jambo jipya. Mama ameandika deni kwenye kalenda ya ukutani. Kila mjomba anapoleta kitu anakata kwa kalamu na kuandika upya pembeni. Jana ilikuwa imebaki 3,450. Ile senti kumi mjomba amempa mama aifungie ufunguo wa kasha.